Saa za Rubani Juu ya Maswa

  Leo nazungumzia helikopta. Nitaanza na moja iliyopigwa risasi humu humu mkoani kwetu Simiyu, kisha nirudi nyuma mpaka pale rubani anapojifunzia, maana huko ndiko ninakoona jambo kubwa ambalo hatulisemi.

Ijumaa ya tarehe 29 Januari 2016, ndani ya Pori la Akiba la Maswa, rubani Mwingereza aitwaye Roger Gower alikuwa akirusha helikopta akishirikiana na mamlaka zetu za wanyamapori kuwasaka majangili wa tembo. Alikuwa na umri wa miaka 37. Kabla ya hapo alikuwa mhasibu, akaacha hesabu za ofisini akasomea urubani, akaja Afrika Mashariki kufanya kazi angani. Siku ile alikuwa chini ya mfuko wa uhifadhi wa Friedkin, ambao umefanya kazi katika maeneo hayo kwa muda mrefu. Wakati wakifuatilia mauaji ya tembo, majangili waliokuwa wamejificha chini waliifyatulia helikopta risasi. Risasi ikapenya kutoka chini na kumjeruhi rubani vibaya.

Taarifa iliyotolewa baadaye na Dan Friedkin, mwenyekiti wa mfuko huo, ilieleza kwamba Gower, akiwa na jeraha lile, aliweza kuishusha helikopta mpaka ardhini, lakini akafariki kabla waokoaji hawajamfikia. Mwenzake aliyekuwa naye ndani, raia wa Afrika Kusini, alijeruhiwa lakini akapona. Watuhumiwa walikamatwa siku chache baadaye na kufikishwa mahakamani, na habari ikaenda dunia nzima.

Dunia ilizungumza sana juu ya ujangili, na ilikuwa haki yake. Ulikuwa wakati mbaya. Hesabu za serikali yenyewe zilizotangazwa mwaka 2015 zilionyesha kwamba tembo wa Tanzania walikuwa wamepungua kutoka zaidi ya 109,000 mwaka 2009 hadi kama 43,000 mwaka 2014. Katika miaka mitano tu tulipoteza zaidi ya nusu. Lakini mimi nimebaki na swali jingine kuhusu siku ile ya Maswa. Mtu aliyepigwa risasi, damu inamtoka, chombo kinayumba juu ya miti, mikono yake ilijuaje la kufanya?

Ilijua kwa sababu ilifundishwa. Ilifanya jambo lile lile mara nyingi mno siku ambazo hapakuwa na risasi wala jeraha, pembeni akiwa ameketi mkufunzi aliyekuwa akimzimia injini kwa makusudi.

Ngoja nilieleze hilo, kwa kuwa wengi wetu tunaiona helikopta wakati wa kampeni tu, inatua uwanja wa mpira, vumbi linatimka, mheshimiwa anashuka, watoto wanapiga kelele. Hatuoni kilicho nyuma yake.

Rubani wa helikopta anashika vitu vitatu kwa wakati mmoja. Mkono wa kulia umeshika fimbo inayoelekeza chombo mbele, nyuma na pembeni. Mkono wa kushoto umeshika wenzo wa kupandisha na kushusha. Miguu iko kwenye pedali zinazotawala panga dogo la mkiani, lile linalozuia mwili wa helikopta usizunguke. Ukigusa kimoja, viwili vingine navyo vinadai kurekebishwa. Mwanafunzi wa siku za kwanza akiambiwa aelee tu hewani, futi chache kutoka ardhini, bila kusogea, anatokwa jasho. Chombo kinakimbia kushoto, anakivuta, kinarukia kulia, anakivuta tena kwa nguvu mno. Mkufunzi anakaa na mikono yake karibu kabisa na usukani, anasubiri hadi nukta ya mwisho ndipo aokoe. Akiwahi mno, mwanafunzi hajifunzi kitu. Akichelewa, wote wawili wako chini. Ukufunzi wa helikopta ni kazi ya kuhatarisha maisha yako kila siku ili mwingine aje kuwa salama, na sijui kama tunawapa watu hawa heshima wanayostahili.

Ajali nyingi za mafunzo hutokea hapo hapo karibu na ardhi. Mguu mmoja wa helikopta ukinasa kwenye kisiki, au kwenye tope la ule udongo wetu mweusi wa mbuga, halafu mwanafunzi akavuta wenzo ili apae, chombo hakipai. Kinazunguka juu ya ule mguu ulionasa na kulala ubavu, panga zinapiga ardhi na kuvunjika vipande. Ni jambo la sekunde moja au mbili. Mwanafunzi anayevuta zaidi akidhani atajinasua ndiye anayeimaliza helikopta; anatakiwa ashushe wenzo, taratibu lakini bila kusita. Kinyume kabisa na vile mwili unavyotaka.

Halafu kuna somo la kuzimika kwa injini. Watu wengi huamini kwamba injini ya helikopta ikizimika, chombo kinaanguka kama jiwe. Hapana. Injini ikizimika, rubani hushusha ule wenzo wa kushoto mara moja, panga za juu zinalala, na hewa inayopanda kutoka chini wakati chombo kinashuka inaendelea kuzizungusha, kama baiskeli iliyokatika mnyororo kwenye mteremko ambayo magurudumu yake bado yanakwenda. Helikopta inashuka kwa kasi, lakini inashuka ikiwa bado inatii. Ikikaribia ardhi, rubani anainua pua kupunguza mwendo, kisha anavuta wenzo na kutumia nguvu iliyobaki kwenye panga ili kugusa chini kwa upole. Nguvu hiyo ni ya mara moja. Akiitumia mapema akiwa bado juu, haipo tena anapoihitaji.

Mwanafunzi hulifanya zoezi hili tena na tena, mpaka liingie kwenye mifupa. Na hapa pana jambo zito: katika kulifanyia mazoezi, helikopta zimevunjika na watu wamekufa, ilhali injini zilikuwa nzima kabisa. Hadi leo wakufunzi duniani wanabishana. Wapo wanaosema mwanafunzi aiguse ardhi bila injini kweli kweli, la sivyo hatajua. Wapo wanaosema mkufunzi arudishe nguvu ya injini wakiwa bado juu kidogo, kwa kuwa hasara za zoezi zimekuwa kubwa kuliko faida. Mimi si rubani na sitaamua ugomvi wao. Naona tu kwamba pande zote mbili zinalilia uhai wa mtu yule yule.

Chukua mfano wa helikopta ndogo za Robinson za Marekani, R22 ya watu wawili na R44 ya watu wanne. Ni za bei nafuu kuliko nyingine, na kwa hiyo zimekuwa darasa la marubani wengi duniani, na hapa Afrika zinatumika sana kwenye mbuga za wanyama. Panga za R22 ni nyepesi. Injini ikikata, mzunguko unapotea upesi, na rubani ana muda wa kama sekunde moja hivi kushusha wenzo. Akizubaa, hakuna tena cha kuokoa. Ajali zilikuwa nyingi hadi mwaka 1995 mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, ikatoa kanuni maalumu kwa aina hizo mbili peke yake: yeyote anayetaka kuzirusha lazima kwanza afunzwe kutambua mapema panga zinapopunguza mzunguko, na kujiepusha na mienendo inayofanya chombo kipoteze uzito hewani, kwa kuwa hapo panga huweza kugonga mwili wa helikopta yenyewe. Hawakuzipiga marufuku. Waliongeza elimu. Huo ni uamuzi ninaouheshimu, na ndio ninaotaka tuufikirie tukirudi nyumbani.

Kwa kanuni za kimataifa za shirika la usafiri wa anga duniani, ICAO, leseni ya rubani binafsi wa helikopta inaanzia saa 40 za kuruka, au 35 kama kozi imeidhinishwa. Leseni ya rubani wa biashara ni saa 150, au 100 katika kozi iliyoidhinishwa. Kwetu anayesimamia hayo ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA. Vijana wetu wengi wanaosomea urubani wamelazimika kwenda Afrika Kusini, Kenya, Ethiopia au Marekani, kwa gharama ambayo mzazi wa kawaida hapa Simiyu, hata auze pamba ya misimu mingi, haifikii.

Sasa fikiria kijana aliyezipata saa zake zote. Amejifunzia wapi? Kwa kawaida kwenye kiwanja chenye njia ndefu ya lami, mnara unaomwongoza, gari la zimamoto limesimama tayari, na mara nyingi mahali pa chini karibu na usawa wa bahari au penye baridi. Mlete hapa kwetu Bariadi, Simiyu. Sisi tuko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,200, na kadiri unavyoelekea Serengeti ardhi inazidi kupanda. Saa nane mchana wa Septemba, joto likifika nyuzi 30 na zaidi, hewa inakuwa nyepesi. Panga zinashika kidogo, injini inapumua kidogo. Ukipiga hesabu ya kawaida ya marubani, mita 1,300 zenye joto la nyuzi 30 zinakuwa kwa helikopta sawa na kuruka kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 2,100. Chombo kile kile, rubani yule yule, mzigo ule ule uliopaa vizuri alfajiri, mchana hautapaa, au utapaa futi chache na kuanza kuzama huku panga zikipoteza mzunguko.

Ongeza vumbi. Pamba ikishavunwa na mashamba yakabaki wazi, kuanzia Julai mpaka mvua zinyeshe, helikopta ikikaribia kutua inajifunika kwa vumbi lake yenyewe na rubani haoni ardhi iko wapi. Ongeza nyaya. Tumefurahi umeme wa Wakala wa Nishati Vijijini, REA, kufika vijijini, nami nimefurahi, lakini waya ukiwa umenyooshwa kati ya nguzo mbili hauonekani kwa mtu anayekuja kwa kasi kutoka juu. Anayejua anatafuta nguzo, hatafuti waya. Ongeza ndege wakubwa. Tarehe 10 Januari 1959, jirani yetu hapo Serengeti, Michael Grzimek, Mjerumani aliyekuwa akihesabu wanyama pamoja na baba yake Profesa Bernhard Grzimek, alikufa baada ya ndege yake ndogo, iliyopakwa milia ya pundamilia, kugongana na tai mzoga. Alizikwa ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Yule alikuwa kwenye ndege ya mabawa, lakini tai ni wale wale, na wanakusanyika pale pale penye mizoga ambapo helikopta ya doria inakwenda kuchungulia.

Na kuna jambo kubwa kuliko yote hayo. Kila helikopta ina kitabu chake, na ndani ya kitabu kuna mchoro wa urefu na kasi. Sehemu moja ya mchoro huo imetiwa kivuli. Maana yake: ukiwa katika urefu huu na kasi hii, injini ikikata, hutakuwa na nafasi ya kushuka salama, hata uwe hodari namna gani. Mwanafunzi anafundishwa kukikwepa kile kivuli, apite haraka, asikae. Lakini kazi ya kumsaka jangili inafanyika wapi? Kazi ya kuwarudisha tembo porini inafanyika wapi? Chini, polepole, unazunguka, unasimama hewani, unachungulia kichakani. Kazi inamtaka rubani aishi ndani ya kivuli ambacho darasani aliambiwa akikimbie. Gower, mtu aliyekuwa na uzoefu, alikuwa humo, na humo bunduki nazo zinafika.

Ndiyo maana nasema nchi yetu inahesabu helikopta, haihesabu saa za rubani. Helikopta inakabidhiwa kwa siku moja, kamera zipo, utepe unakatwa, funguo zinapokelewa. Lakini saa za kuruka chini, mchana wa joto, juu ya pori, pembeni akiwepo mkufunzi anayelijua pori, hazikabidhiwi na mtu yeyote, na hakuna anayeziulizia.

Tarehe 1 Novemba 2014 helikopta aina ya R44, ambayo Wizara ya Maliasili na Utalii ilikuwa imeipokea miezi michache tu kabla kama msaada kutoka kwa Mmarekani Howard Buffett ili ikapambane na ujangili, ilianguka Kipunguni, pembezoni mwa Dar es Salaam. Watu wanne waliokuwemo walikufa, akiwemo mkuu wa kikosi cha anga cha polisi. Sitasema chanzo kilikuwa hiki au kile. Nasema tulipoteza kwa mpigo mmoja watu wenye ujuzi ambao ulichukua miaka kuujenga, na katika mazungumzo ya siku zile nilisikia zaidi habari ya bei ya chombo kuliko habari ya nani sasa atawafundisha waliobaki.

Mwaka uliofuata, tarehe 15 Oktoba 2015, wakati wa kampeni, helikopta ilianguka katika Pori la Selous na kumuua Deo Filikunjombe, mbunge wa Ludewa, pamoja na rubani Kapteni William Silaa na wengine wawili. Rubani yule alikuwa mzoefu wa miaka mingi. Kwa hiyo sidai kwamba saa nyingi zinamfanya mtu asianguke. Lakini pasipo saa hizo anabaki na bahati tu.

Jirani zetu Kenya wamelia kwa ajali za mafunzo hasa. Tarehe 24 Juni 2021 helikopta ya jeshi lao la anga, aina ya Mi-171, ilianguka Ole Tepesi, kaunti ya Kajiado, ikiwa katika mazoezi. Wanajeshi wasiopungua 10 walikufa. Na tarehe 5 Machi 2024, juu ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, ndege ndogo ya mafunzo aina ya Cessna 172 iliyotoka Uwanja wa Wilson iligongana na ndege ya abiria ya shirika la Safarilink. Ile ya abiria ilirudi salama. Katika ile ndogo, mwanafunzi na mkufunzi wake walikufa wote wawili. Nimeitaja ingawa si helikopta, kwa sababu ya hao wawili, waliokuwa wamekaa bega kwa bega kazini.

Mtu anaweza kuniambia, basi mafunzo yenyewe ni hatari, tuyapunguze. Namwelewa. Mzazi aliyempoteza mwanawe mazoezini hawezi kufarijiwa kwa kuambiwa kwamba mazoezi ni muhimu. Lakini hatari isiyofanyiwa mazoezi haiondoki. Inamsubiri kijana siku ambayo yuko peke yake juu ya Maswa, mkufunzi hayupo, askari wa wanyamapori wako nyuma yake na mkulima yuko chini yake. Afadhali akutane nayo kwanza akiwa na mwenzake anayeijua, mahali palipochaguliwa, asubuhi yenye hewa nzito, kisha hatua kwa hatua waisogeze kuelekea mchana na kuelekea pori.

Nawataja wakulima kwa makusudi. Wako wanaonisikiliza sasa hivi katika vijiji vya Meatu, Itilima, Bariadi na Busega vinavyopakana na hifadhi, ambao tembo wamelala kwenye mahindi yao. Kwao helikopta si habari ya redioni. Serikali imekuwa ikitumia helikopta katika maeneo mbalimbali ya nchi kuwaswaga tembo warudi hifadhini, na mwenye shamba anaisubiri kama mgonjwa anavyomsubiri daktari. Ana haki ya kuidai. Ila kuswaga tembo kwa helikopta ni kazi ya chini kabisa, ya polepole kabisa, na tembo hafuati njia aliyopangiwa. Anageuka, anaingia kichakani, mama anarudi kumfuata mtoto. Rubani anayefanya kazi hiyo kwa mara ya kwanza asiifanyie majaribio juu ya kijiji chako.

Kwa hiyo ombi langu kwa Wizara, kwa TAWA inayosimamia mapori ya akiba, kwa TANAPA inayosimamia hifadhi za taifa, kwa polisi na kwa wafadhili ni la wazi. Mkitoa au kupokea helikopta, andikeni ndani ya hati ile ile saa za mafunzo zinazokwenda nayo, na ziwe saa za huku, juu ya pori lenyewe, katika joto lenyewe. Chuo chetu cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, kimeingia katika masomo ya usafiri wa anga. Upande wa helikopta nao upewe nafasi, ili siku moja mkufunzi wa kuruka juu ya Maswa awe Mtanzania aliyezaliwa humu Simiyu, Kisesa au Nkololo, anayejua upepo wa Oktoba unatoka wapi kabla hajatazama kipimo.

Kabla sijaondoka, neno kwako wewe unayeishi jirani na pori, kwa kuwa helikopta ikianguka au ikitua kwa dharura, wewe ndiye utakayefika kwanza. Usikimbilie chombo ambacho panga bado zinazunguka, hata kama injini imezimwa. Zikipungua mwendo zinainama na zinaweza kushuka chini ya kimo cha mtu. Usipite kamwe upande wa mkiani. Lile panga dogo likizunguka halionekani, na limeua watu waliodhani hapana kitu. Kama ardhi ina mteremko, njoo kutoka upande wa chini, usije kutoka upande wa juu ambako panga ziko karibu na kichwa chako. Njoo kwa mbele, mahali rubani anakuona, na usubiri akuashirie. Usiwashe kiberiti wala sigara, mafuta yake ni mepesi kuwaka. Ng'ombe na watoto warudishwe nyuma mapema. Majeruhi, ikiwa hakuna moto, usimvute ovyo; mgongo wake huenda umeumia. Piga simu polisi, mwambie mtendaji wa kijiji, mtume kijana mwenye pikipiki barabarani akawaongoze waokoaji, kwa maana porini mita 500 zinaweza kupoteza saa nzima.

Na vipande vikibaki, usichukue hata kimoja. Najua bati jepesi lina kazi nyingi nyumbani, na sikulaumu kwa kuliona hivyo. Lakini mchunguzi wa ajali anasoma panga lililopinda, taa ndogo iliyopasuka, waya ulioungua, na kutoka hapo anajua kama injini ilikuwa ikifanya kazi chombo kilipogusa ardhi. Kanuni za kimataifa, zilizo katika Kiambatisho cha 13 cha mkataba uliotiwa saini Chicago mwaka 1944, zinasema lengo pekee la uchunguzi huo ni kuzuia ajali nyingine. Si kumtafuta wa kulaumiwa. Zinataka pia taarifa ya awali itumwe ndani ya siku 30. Natamani taarifa hizo, zikishakamilika hapa kwetu, zitolewe kwa Kiswahili na zitufikie sisi wa redio. Tutazisoma hewani ukurasa kwa ukurasa, saa ambayo mwanafunzi rubani yuko macho na mama wa mwanafunzi rubani naye yuko macho.